Tanga la Viroba

Injini aliiuza mwezi wa tatu,
siku ya nne tangu mama alazwe Maweni.
Hatukuizungumzia. Bukuru alirudi na risiti
na mpira wa mafuta aliousahau begani,
akauning'iniza kwenye msumari wa koti.

Kisha akaingia kibandani kwangu, Kibirizi,
na viroba kumi na kimoja, vitupu:
vitano vya sembe, vinne vya sukari, viwili vya saruji.
"Dada, nishonee tanga."

Mimi nashona sketi za shule.
Nashona vitenge vya harusi, mashuka ya wagonjwa.
Tanga sijui kiuno chake kiko wapi.
"Halina kiuno," akasema. "Pembe tatu tu."

Tulivifua ziwani. Sembe ikawa uji mwepesi,
dagaa wachanga wakaja kuulamba.
Saruji ilikataa kutoka.
Tukachora kwa chaki kwenye uwanja wa shule,
vigingi vitatu na kamba,
watoto wakidhani tunapima kiwanja cha mtu.
Sindano tatu zikavunjika.
Nikaiacha cherehani, nikashika shazia
na uzi wa nyavu niliousugua kwa kipande cha mshumaa
hadi ukawa unalia ukipita.
Kwenye pembe, pale kamba itakapouma,
nikashonea vipande vya kandambili:
bluu, bluu, na chekundu kimoja
maana jozi iliishia hapo.

Mlingoti, mkaratusi. Foromali, mwanzi.

Lilikuwa bapa kama shuka la wodini.
Lilipiga kelele tu, pwa, pwa, pwa,
mtumbwi ukaenda upande kama kaa.
Waliokuwa wakianua dagaa wakaacha kazi.
"Bukuru! Hiyo bendera ya chama gani?"
Alirudi kwa kafi, kimya, magoti yamelowa.

Usiku sikulala.
Nguo bapa haivaliki, kila fundi anajua.
Mwili una mahali unapotokeza,
na kitambaa kisipoambiwa mapema
kitapasuka, ama kitanuna.
Na upepo nao, nikawaza gizani,
una kifua.

Alfajiri nikafumua mishono miwili.
Nikakata kingo kwa kupinda, kama ganda la tikiti,
vidole viwili katikati, nchani hakuna,
nikaunganisha polepole, kama anayeshona gauni
la mjamzito asiyetaka kusema ni miezi mingapi.
Bukuru akalitandaza chini. Halikulala.
Katikati liliinuka, likaikataa ardhi.

"Umeliharibu."
"Limeshiba," nikasema.

Saa nane Rukuga ikavuma kutoka ng'ambo.
Tanga likajaa, bila hata sauti.
Mtumbwi ukainama kidogo, kama mchukuzi
anayetwishwa gunia la pili na kusema lete,
ukashika njia ya Mwamgongo
na nyanya, na vitunguu, na chumvi ya Uvinza.
Jua likapenya viroba, nami ufukweni
nikasoma maandishi kinyumenyume:
UZITO HALISI KILO 50.
Na chini kabisa, maji yanaporukia:
WEKA MAHALI PAKAVU.

Nilicheka hadi nikakaa mchangani.

Mama amerudi nyumbani. Anatembea hadi mlangoni.
Anauona mpira kwenye msumari, anaulizia injini.
Tunamwambia iko kwa fundi,
na huo si uongo mtupu.

Jana kaja Ntahondi wa Katonga
na viroba tisa vya mbolea, anataka bei.
Nikaitazama sketi ya mtoto wa Mpozayo
ambayo tangu Jumatatu haina zipu.
Bei ya sketi naijua.
Tanga huuzwaje? Kwa mkono? Kwa kiroba?
Kwa umbali wa kule linakokwenda?
Nikasema: mshono, elfu nane.
Tumbo, elfu mbili zaidi.

Alilipa ya tumbo kwanza.